Barua kwa Mhariri: Msiseme dadangu hana subira

Mhariri,

Salaam aleikum. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, gazeti lenyewe mara nyingi nalisoma kwa kinyozi nikingoja zamu, lakini wiki iliyopita nilikua kwenye matanga hapa Majengo, nimekaa nyuma ya nguzo ya turubai na sahani yangu ya pilau, nikasikia wazee wawili wanazungumza upande wa pili. Mmoja anasema yule binti wa nyumba ile hana subira hata chembe, anampigia mamake kelele mpaka sisi majirani tunasikia, na mama wa watu mgonjwa maskini hajui hata leo siku gani. Mwenzake akajibu, eeh, afadhali yule nduguye, yule ana moyo.

Huyo binti ni dadangu. Huyo mwenye moyo ndo mimi. Pilau sikuimaliza.

Nilitaka kuinuka niwajibu pale pale, nikaona matanga ya watu si mahali pake, kwa hivyo najibu hapa, na najua mmoja wao gazeti hili halimpiti.

Mama ana miaka 78. Ilianza miaka mitano nyuma, siku moja akakanda mahamri akasahau hamira, tukacheka, tukayala hivo hivo magumu kama kokoto. Halafu akapotea Marikiti, mama ambaye amenunua bizari pale tangu kabla sijazaliwa, akarudishwa na mchukuzi wa mkokoteni aliyemjua kwa sura. Kliniki ya kwanza tuliambiwa ni uzee tu, mpeni vitamini. Ya pili daktari akampa karatasi na kalamu akamwambia chora saa. Mama akachora duara zuri kabisa, halafu namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja, upande wa pili ukabaki mtupu. Dadangu alipoiona ile karatasi akatoka nje. Tukaambiwa ni dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili kidogo kidogo, ya aina ya Alzheimer, ambayo ndo aina inayowapata wengi zaidi, kama asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa wote wa dimenshia. Na hata hapo mtaani kuna waliotuambia ni mtu kamtupia kitu, tumpeleke kwa mganga Kwale, lakini hiyo naiacha, hiyo ni barua nyingine.

Sasa sikilizeni vile ilivyoamuliwa nani amuangalie. Tulipiga kikao cha WhatsApp. Kaka yetu mkubwa yuko Doha, kwa hivyo yeye ni wa kutuma pesa. Mdogo wetu wa mwisho kaolewa Malindi na ana watoto wadogo. Dadangu aliachika zamani, wanawe wakubwa, kwa hivyo ikaonekana yeye "yuko huru". Mimi nilikua nimepunguzwa kazi bandarini naendesha tuktuk, na mimi pia nikaonekana niko huru. Basi, dakika kumi, amin, kila mtu akaweka mikono ya dua na kikao kikafungwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu yuko vipi, anaweza nini, anavunjwa na nini. Kama ungekua unatafuta mtu wa kuuza duka tu ungeuliza kwanza kama anajua hesabu.

Dadangu alikua karani miaka 19 kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Anayejua kazi ile anajua, namba moja ukikosea kwenye karatasi kontena inalala bandarini na kila siku inakula pesa. Ndo mtu aliyezoea kusahihisha. Na tangu utotoni ni mtu wa wasiwasi, analala akishaangalia mlango mara tatu, mvua ikianza tu anauliza nani hajarudi. Hiyo kairithi kwa mama mwenyewe, mama alikua akituhesabu tukitoka madrasa kama mtu anayehesabu kuku. Mimi nimetoka kwa marehemu baba, mtu wa baraza, kahawa chungu na porojo, nikisahau kitu nasema Mungu mkubwa.

Chukua hao wawili uwafungie ndani na mama mmoja, ugonjwa mmoja, uone.

Mama anauliza, baba yenu mbona hajarudi? Dadangu anamwambia, mama, baba alifariki 2009. Na mama analia. Analia kama ndo kwanza anapata habari, manake kwake yeye ndo kwanza anapata habari, anajifunika leso anaomboleza, halafu nusu saa haijafika anafuta macho anauliza, baba yenu mbona hajarudi? Dadangu alimfisha baba yetu pengine mara sita kwa siku, wallahi, na kila mara na yeye analia ndani kwa ndani. Mimi nikiulizwa nasema kaenda msikitini, atachelewa kidogo kuna darsa. Mama anasema haya, mwekee chakula. Yameisha.

Dadangu akaniambia, unamdanganya mamako, na yeye alitulea na bakora kwa sababu ya uongo? Na mimi kwa ujinga nikamjibu, wewe shida yako unajifanya mwema sana. Tulikaa siku nne hatusemezani nyumba moja, tunapitishiana vidonge vya mama kama watu wa zamu kiwandani.

Wanaotunza wagonjwa hawa siku hizi wengi wanafundishwa kwamba kubishana na mtu wa dimenshia hakusaidii, unafuata hisia zake, humburuzi kwenye tarehe. Lakini hebu fikirini, kitu hicho kwangu ni rahisi kama kunywa maji, mimi maisha yangu yote natia chumvi, ila kwa mtu mkweli mpaka senti, mtu wa utaratibu, ni kama unamwambia avue ngozi. Haikua ana roho mbaya, kufanya vile kulimgharimu kuliko mimi.

Na swala. Mama alikua anaswali adhuhuri mara nne, mara rakaa sita, mara anasujudu anasahau kuinuka. Dadangu akawa anakaa pembeni anahesabu, anamrekebisha, mama anakasirika, yeye anaogopa dhambi ni ya nani. Mpaka akaenda kumuuliza ustadh mmoja, mtu mpole, akamwambia binti yangu, mamako kalamu imeshainuliwa juu yake, haandikiwi tena dhambi, muache na Mola wake. Siku ile alirudi akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Lakini kuna aya nyingine ilibaki inamla, ile ya Suratul Israa kwamba wazazi wakifika uzeeni usiwaambie hata "ah". Na yeye alishasema zaidi ya "ah". Alishapiga kelele ile waliyoisikia majirani. Nataka wale wazee wajue ya siku ile: mama alikua amefungua gesi saa tisa usiku akasahau kuwasha, dadangu aliamka kwa harufu, mimi niliyesifiwa kwa moyo nilikua nakoroma. Kelele mlisikia, gesi hamkuinusa.

Basi usiku mmoja ni zamu yangu, mama anazunguka anafungua kabati anafunga kabati, na mimi nasoma kwenye simu nisilale. Nikakuta watu wa saikolojia wana mafungu matano ya tabia wanayotumia kumpima mtu: roho ya wasiwasi, uchangamfu, upole wa kukubaliana na watu, utaratibu wa mambo, na kupenda mapya. Na kwamba wamewafuatilia wanaolea jamaa zao wenye dimenshia, na tena na tena wanaona kitu kile kile, mwenye wasiwasi mwingi ndo anaelemewa zaidi, ndo anashikwa na huzuni ile ya ugonjwa, hata kama mgonjwa wake si mgumu kuliko wa mwenzake. Wachangamfu huwa afadhali. Na tabia hizi tafiti za mapacha zinasema kama nusu hivi ya tofauti kati ya mtu na mtu ni ya kurithi. Nikamtazama mama pale kabatini nikasema, kumbe wewe ndo ulimpa.

Kuna mtafiti mmoja wa Marekani, Steven Zarit, yeye na wenzake mwaka 1980 waliwauliza watu 29 waliokua wanalea wazee wao waliopoteza akili, wakitaka kujua mzigo unatoka wapi. Ungedhani mgonjwa akiwa msumbufu zaidi mlezi anachoka zaidi. Haikua hivo. Kilichopunguza mzigo ni jamaa wengine kuja kumtembelea mgonjwa, kadri walivyokuja mara nyingi ndivyo mlezi alivyoona mzigo mwepesi. Watu 29 ni wachache, najua, lakini mimi nilihisi mtu kaja sebuleni kwetu na kalamu.

Maswali yake baadae yakapangwa yakawa 22, kila jibu lina alama sifuri mpaka nne, jumla 88. Unaulizwa kama unaona huna muda wako mwenyewe, kama unaona haya kwa vile mgonjwa anavyofanya mbele za watu, kama unaogopa yatakayomfika mbele, kama unaona ungeweza kumfanyia zaidi ya unavyofanya. Nikayatafsiri kwenye daftari la dadangu la hesabu, tukajaza kila mtu kivyake. Mimi nikapata 29. Yeye 64. Mama mmoja, nyumba moja, choo kimoja. Lile la mwisho, kwamba angeweza kumfanyia zaidi, yeye aliweka nne na akaipigia mstari, yeye anayeosha shuka saa kumi alfajiri ili mama akiamka asijione amejikojolea.

Mtu atasema mwenye wasiwasi hata akijaza fomu anajaza kwa wasiwasi, na ni kweli kuna hilo. Lakini presha yake haikujaza fomu. Tulipima, juu. Na kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 1999 wa wazee waliokua wanawauguza waume na wake zao, ukaona waliokua na mkazo kwenye kuuguza ndani ya miaka minne hatari yao ya kufa ilikua juu kwa asilimia 63 kuliko wenzao wasiouguza, na wale waliouguza bila mkazo hawakuonyesha hivo. Hiyo niliisoma mara tatu na sikumuonyesha, manake namjua, angekesha.

Sasa msidhani mwenye moyo nilipona. Uchangamfu unataka watu, na mimi nilifungiwa. Mara ya kwanza marafiki wa baraza walikua wanapiga simu, halafu wakaacha, tuktuk nikawa natoka nayo masaa matatu tu kwa siku, jioni siendi kokote kwa sababu jua likishuka ndo mama anazidi kuchanganyikiwa, wengi wa ugonjwa huu ndo saa zao hizo. Mtu kama dadangu nyumba ilikua inamtosha, akipata saa moja ya kimya na daftari lake anapumua. Mimi kimya kilikua kinaniua. Nikaanza kutafuna miraa, na kwetu hatutafuni, nikawa nakaa kwenye tuktuk hapo nje nimezima taa naongea na dereva mwenzangu kwa simu mpaka saa sita, na mama ndani na dadangu. Na vidonge! Ikiwa zamu yangu vilisahaulika, mara moja nilimpa vya asubuhi na vya jioni pamoja. Kwa hivyo huo "moyo" mnaosifu kwa sehemu kubwa ni kwamba mimi sishtuki, na asiyeshtuka ndo anayekoroma gesi ikitoka.

Na mdogo wetu wa Malindi je, yule mpole, yule hajui neno hapana. Alikuja wiki mbili kutusaidia akamaliza mwezi na nusu, kila ukimuuliza anasema sijambo, niko sawa, mumewe ndo akanipigia akaniambia shemeji, mke wangu analia kwenye simu kila usiku, wewe hujui? Sikujua. Mtu mpole ukimuuliza mbele ya watu hatokwambia, muulize mkiwa wawili, na usimuulize "uko sawa", muulize jana alilala saa ngapi.

Tulichofanya si kikubwa. Tuliacha kugawana kwa siku, tukagawana kwa tabia. Dadangu ana dawa, karatasi, tarehe za kliniki, hesabu za pampasi za watu wazima ambazo zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa ya serikali kwa wazee, zinamalizikia hapo hapo. Maswali ya mama, nguo, kumbembeleza aoge anapogoma, jioni, hayo yangu, kuoga kwenyewe anaingia jirani mmoja mwanamke mimi naimba nje ya mlango manake anapenda. Gesi tulitia kufuli. Hilo kufuli la mia mbili na hamsini limempa dadangu usingizi kuliko maneno yote ya "usiwe na wasiwasi" aliyoambiwa miaka hii. Kumwambia mtu wa hivo asiwe na wasiwasi ni kumuongezea wa pili, sasa ana wasiwasi kwa nini ana wasiwasi. Mpe kufuli. Na mimi kila Jumamosi asubuhi natoka, niko barazani mpaka adhuhuri, hata mama akiwa vibaya natoka.

Alipojaza ile fomu tena alirudia 64? Hapana, juzi alikua 47. Bado juu. Hajawa mtu mwingine na simtaki awe mtu mwingine, nani atakumbuka dawa.

Tabia pia si kwamba ukizaliwa nayo umekwisha. Huko London chuo kikuu kimoja walijaribu vikao 8 na walezi wa wagonjwa wa dimenshia, mtu anakuja nyumbani anakufundisha namna ya kuchukulia mambo, na hao wafundishaji hawakua madaktari, ni vijana waliosoma saikolojia na kupewa mafunzo. Walezi wakapungukiwa na huzuni na wasiwasi, ikatoka kwenye jarida la madaktari mwaka 2013. Vijana waliosoma saikolojia Mombasa wako, baadhi yao nawabeba kwenye tuktuk wakitafuta kazi.

Na hawa wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wa kwetu ni mama mmoja mzuri sana, alikuja akampima mama presha, akampima sukari, akaandika kwenye simu yake, akaaga. Dadangu kasimama pale pale mlangoni macho mekundu na hakuna sehemu kwenye ile simu ya kumuandika yeye. Ombi langu kwa kaunti ni swali moja tu liongezwe, na wewe unayemuangalia unalala? Sina hakika hata linahitaji bajeti.

Kwa kaka yetu wa Doha, najua gazeti utalisoma mtandaoni, pesa zinafika na Mungu akuzidishie, lakini ile video koli ya Ijumaa unapomwambia dadangu mama amekonda, mpikie hivi, mfanyie vile, mbona nywele hazijasukwa, ile video koli tunakaa siku mbili tunaisafisha. Ongea na mama, mchekeshe, halafu ukimaliza ongea na dadako dakika tano mambo ambayo si ya mama.

Na nyinyi wazee wawili. Mnakaa hatua arubaini kutoka mlango wetu, nimezihesabu. Mama alikua anawapelekea mkate wa sinia kila Ramadhani. Njooni mkae naye robo saa, atawauliza jina mara tano, mjibu mara tano, kisha muone kama mara ya sita sauti itabaki pale pale. Ukumbini kuna viti, kahawa nitapika mimi.

Niwache hapa. Ni saa kumi na moja kasorobo, mama keshavaa buibui na kiatu kimoja, yuko mlangoni na pochi yake anataka kwenda kwao, na kwao ni hapa. Mwaka wa kwanza tulikua tunabishana naye mpaka magharibi. Siku hizi namtia kwenye tuktuk tunazunguka Makadara, tunapita Mwembe Tayari, tunarudi, namwambia haya mama tushafika kwenu. Anatazama mlango, anasema, alhamdulillahi, mbali. Na leo dadangu kasema anakuja na sisi, kakaa nyuma tayari, anauliza kama nimetia mafuta.

Ndugu yake,
Majengo, Mombasa